Maswali kwa Shangazi: Nilichomwa chanjo bega likagoma, nani ananilipa?

Mwezi jana niliandika mistari minne tu hapa, kwamba kuna nchi ukipata madhara makubwa baada ya chanjo serikali inakulipa bila kukuuliza nani kakosea. Mistari minne! Barua zilizomiminika sijawahi kuona, tangu ile ya mawifi. Nimechagua chache, majina nimeficha, na niseme mapema mi sio loya. Nilikua karani kwenye ofisi ya maloya miaka minane, kazi yangu ilikua kusaka vyeti vya hospitali na kuvipanga kwenye mafaili, kwaiyo ninachojua zaidi ni makaratasi.

Shikamoo Shangazi. Mi niko Columbus, Ohio, mwaka wa sita huu, nafanya kazi nyumba ya wazee shifti ya usiku. Oktoba mwaka jana kazini walitwambia kila mtu achome chanjo ya mafua, nikaenda famasi moja hivi, nikakaa kwenye kiti, dada wa watu kasimama, nilivaa sweta na kulikua na baridi sikutaka kuvua bas nikavuta shingo ya sweta pembeni akachoma hapohapo juu, nikasikia ka imegonga mfupa. Usiku uleule sikulala. Nikajua kawaida, si wanasemaga mkono utauma siku mbili. Shangazi leo ni miezi minane, mkono haupandi, sidiria nafungwa na mwanangu wa miaka tisa, kumgeuza mzee kitandani siwezi mpaka nimehamishiwa jikoni na mshahara umeshuka. Daktari kanipiga MRI kasema kuna uvimbe ndani ya bega, kanichoma stiroidi, nafuu wiki mbili afu yakarudi yaleyale. Shoga yangu Mkenya ananiambia kuna hela ya serikali kwa watu ka mimi. Ni kweli au ndo stori za kantini? Na mi sina uraia, nina grini kadi tu, nisije nikajitia nuksi. *Dada wa shifti ya usiku*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Shoga yako kasema kweli, mnunulie chai.

Kwanza ujue kilichokupata, manake hujaumwa wewe peke yako. Sindano ya begani inatakiwa iingie kwenye msuli ule mnene wa pembeni, vidole viwili vitatu chini ya ncha ya mfupa wa bega. Sasa aliyesimama akimchoma aliyekaa, tena kwenye nguo iliyovutwa shingoni badala ya mkono kupandishwa au nguo kuvuliwa, anaona pale juu tu, anachoma pale juu, na pale chini ya ngozi kuna kifuko cha majimaji kinachosaidia bega kuteleza. Dawa iliyotengenezwa kuamsha kinga ya mwili ikimwagwa mle ndani, mwili unawasha moto bega zima. Dawa yenyewe haina ubaya, tatizo ni ilipoishia. Maloya wa Marekani wana jina lake wanaita SIRVA, na hiyo ndo moja ya kesi zinazofunguliwa kwa wingi siku hizi kwenye mfuko wa serikali yao wa kuwafidia walioumizwa na chanjo.

Mfuko wenyewe ulianzishwa na sheria ya 1986 na ukaanza kupokea madai Oktoba 1988. Una jedwali: upande huu chanjo, upande ule madhara, na muda ambao madhara yanatakiwa yawe yameanza. Ukiingia kwenye mstari wa jedwali huna haja ya kuthibitisha kwamba chanjo ndo iliyosababisha, sheria inachukulia hivyo mpaka serikali ionyeshe sababu nyingine. Bega liliingizwa 2017. Masharti yake ni haya: maumivu yawe yameanza ndani ya masaa 48, yawe kwenye bega lilelile lililochomwa, bega hilo liwe halina historia ya ugonjwa unaoweza kueleza maumivu hayo, na shida iwe imedumu zaidi ya miezi sita. Kwa ulivyoniandikia, usiku uleule hukulala, na leo miezi minane. Unaona mwenyewe.

Ila hapa ndo nataka unisikilize ka unamsikiliza mama yako. Kesi hizi zinashindwa kwenye makaratasi kabla hazijafika kwa hakimu. Ulienda kwa daktari lini mara ya kwanza? Ka ulivumilia mpaka Januari (na nakujua, wanawake wa kwetu tunavumilia mpaka tuanguke), na yule anayejaza fomu akakuuliza haraka haraka bega linauma toka lini ukasema "toka mwaka mpya hivi", bas hilo ndo neno ambalo loya wa serikali atalishika kwa mikono miwili. Kaombe rekodi zako zote usome mwenyewe mstari kwa mstari. Ka kuna tarehe iliyokosewa, ukienda kliniki tena mwambie daktari ukweli ulivyo aandike: limeanza siku ileile ya chanjo. Usimwambie uongo hata kidogo, ukweli unatosha. Afu nenda famasi ukachukue karatasi ya chanjo uangalie wameandika mkono gani. Nimeshaona fomu imeandikwa kushoto na mtu kachomwa kulia, aliyejaza alikua anaweka tiki kwa mazoea. Meseji ulizomtumia shoga yako ukilalamika wiki ile usizifute. Barua ya kuhamishwa jikoni itunze, hati za mshahara wa kabla na baada zitunze.

Muda ni miaka mitatu, na hauhesabiwi toka siku daktari alipokwambia ugonjwa wako, unahesabiwa toka dalili ya kwanza. Kwako ni usiku ule. Anayedai kwa niaba ya marehemu ana miaka miwili toka kifo, na isizidi minne toka dalili ya kwanza.

Madai yanapelekwa Mahakama ya Madai ya Shirikisho, iko Washington, ila kesi nyingi mtu hata hasafiri. Unayemdai ni Waziri wa Afya kwa cheo chake, yule dada wa famasi humdai wala famasi yenyewe humdai, kwaiyo hutamfukuzisha mtu kazi. Hakuna baraza la wazee wa mahakama, kuna hakimu maalumu wa mambo haya tu. Na hofu yako ya uraia itoe, sheria haidai uwe raia, inaangalia chanjo ulichomewa wapi.

Loya sasa. Tafuta anayefanya kesi za chanjo, sio yule wa ajali za magari mwenye bango barabarani. Na huyu HUMLIPI. Narudia kwa sababu watu wetu wanaliwa sana: kwenye mfuko huu loya haruhusiwi kukata asilimia ya hela yako wala kukudai kitu pembeni. Mahakama ndo inamlipa toka mfukoni, hata ukishindwa, ilimradi madai yalikua ya nia njema na yana msingi. Akikwambia "tutagawana theluthi" simama uondoke.

Hela inayolipwa ni ya matibabu ambayo bima haikulipa, mshahara uliopotea, na maumivu. Ya maumivu ina kikomo dola 250,000, kiwango kilekile toka 1986, mkate umepanda bei mara ngapi wao hawajagusa. Wengi hawafiki huko. Kesi nyingi zinaishia kwa maelewano, serikali inalipa bila kukiri kitu, na inachukua miaka, kwaiyo kiwanja cha Kigamboni usianze kukilipia arabuni.

Shangazi kwa heshima zote, serikali ikilipa mtu aliyeumizwa na chanjo si imekiri kwamba chanjo ni sumu? Mbona haya hawayasemi kliniki wakati wanatuchomea watoto? Na ile ya kwamba chanjo zinaleta usonji je. *Baba watatu, Nashville*

Kaka, kijiji kikiamua kuchimba kisima, vijana ishirini wanaingia zamu, jiwe likamwangukia mmoja mguuni. Kijiji kikimchangia hela ya hospitali kimekiri kwamba maji ni mabaya? Kimekiri kwamba kijana aliumia kwenye kazi ya wote. Ndo hivyo tu. Chanjo unachoma kwa ajili yako na kwa ajili ya kichanga wa jirani ambaye umri wa kuchanjwa haujafika.

Hesabu zao wenyewe Wamarekani: toka 2006 mpaka 2022 zilisambazwa dozi zaidi ya bilioni tano za chanjo zilizo kwenye mfuko huu, na waliofidiwa ni karibu mtu mmoja kwa kila dozi milioni moja. Mmoja kwa milioni ni kidogo mno, lakini ukiwa ni wewe huyo mmoja, huna unachoambulia kwenye hiyo asilimia. Hela iliyolipwa toka 1988 imeshapita dola bilioni tano, na haitoki kwenye kodi ya mshahara wako. Kila dozi inayouzwa inakatwa senti 75 kwa kila ugonjwa inaokinga, ya mafua senti 75, ile ya surua, matumbwitumbwi na rubela dola 2 na senti 25 kwa sababu ni magonjwa matatu.

Na kusema hawayasemi, hapo nakubaliana na wewe nusu. Pale Marekani sheria inamtaka anayechoma akupe karatasi ya maelezo ya chanjo, na mfuko umetajwa mlemle chini kabisa. Nani anaisoma? Tunaitumia kufungia maandazi.

Ila wao pia hawakuamka asubuhi moja wakawa na huruma. 1955 kuna matoleo ya chanjo ya polio ya kampuni ya Cutter ya California yalitoka na virusi hai ndani, watoto wakapooza, na kesi zilizofuata zikafungua mlango: kampuni inaweza kulipishwa hata ka haikuzembea. 1976 ikaja hofu ya mafua ya nguruwe, kampuni za bima zikagoma kuwakatia bima watengenezaji, Bunge likabeba mzigo, wakachanjwa watu kama milioni 45, afu wengine wakapata ugonjwa wa Guillain-Barré, ule unaoanza na ganzi miguuni unapanda juu, ikabidi kampeni isimamishwe Desemba ileile. Miaka ya themanini zikaja kesi za chanjo ya dondakoo, pepopunda na kifaduro, watengenezaji wakaanza kukimbia mmoja mmoja mpaka chanjo ikaadimika. Sheria ya 1986 ililetwa na wazazi waliokua wanataka haki na kampuni zilizokua zinataka kupumua, wote wawili kwa pamoja, na mpaka leo kila upande unaona mwenzake kapata zaidi. Baada ya hapo huwezi kumshtaki mtengenezaji moja kwa moja, unapitia mfuko kwanza, na 2011 Mahakama Kuu ya Marekani iliziba kabisa njia ya kushtaki kwamba chanjo iliundwa vibaya.

Usonji: familia zaidi ya elfu tano zilipeleka madai. Mahakimu maalumu wakachagua kesi za mfano, wakasikiliza wataalamu wa pande zote, 2009 na 2010 wakaamua ushahidi haupo. Walioamua hivyo ni mahakimu walewale wanaolipa watu wa mabega, hawana ugumu wa kulipa. Mtoto mwenye usonji anahitaji msaada, na msaada upo, lakini sio kwenye mlango huu, na loya akikwambia upo anakupotezea muda.

Habari Shangazi. Mpwa wangu yuko Houston, 2021 alichoma ya korona akiwa na miaka 19, siku tatu baadae kifua kikambana, hospitali wakasema moyo umevimba, kalazwa siku nne. Alipona ila bili tulilipa mpaka tukauza gari. Sasa nimesikia huo mfuko, tuanzie wapi? *Mjomba, Texas*

Mjomba hii barua nimeisoma mara mbili nikaacha nikarudi tena. Jibu halitakufurahisha.

Chanjo ya korona haiko kwenye mfuko nilioeleza juu. Iliwekwa kwenye mfuko mwingine, wa majanga ya dharura, uliotokana na sheria ya 2005. Majina yanafanana fanana ndo maana watu wanachanganya, lakini ule wa kwanza ni mahakama na huu ni ofisi. Unajaza fomu, maafisa wa Wizara ya Afya wanaamua wenyewe, ukikataliwa unaomba waangalie upya humohumo wizarani, mahakamani huendi. Loya unamlipa mwenyewe. Maumivu hawalipi hata senti, wanalipa bili ambazo hakuna mwingine aliyelipa na sehemu ya mshahara. Na muda wake ni MWAKA MMOJA toka siku ya kuchomwa. Mpwa wako alichomwa 2021, mlango ulifungwa 2022, pengine wakati bado mnauza gari.

Madai ya korona yaliyopelekwa pale yalipita elfu kumi. Watatu wa kwanza kulipwa kwa chanjo walilipwa 2023, na wawili kati yao walikua na tatizo hilohilo la moyo. Unajua walipata shingapi? Mmoja dola 2,019, mwingine 1,582, mwingine 1,032. Hela ya matairi. Mi nachanja na wanangu nimewachanja na bado nasema hii ni aibu, mtu kaitwa na taifa lake apandishe mkono, akaupandisha, afu akaumia, ukampa mwaka mmoja wa kugundua ofisi ambayo hakuna mtu aliyemtajia. Kuna wabunge walishapeleka miswada ya kuihamishia korona kwenye mfuko wa kwanza. Bili za hospitali mzitunze, sheria ikibadilika mtazihitaji.

Shangazi, mume wangu alichoma AstraZeneca hapa Birmingham mwanzoni mwa 2021, damu ikaganda kichwani, kapoteza nguvu mkono wa kulia na kusahau sahau. Tuliomba fidia wakajibu kweli imesababishwa na chanjo ILA ulemavu haujafika asilimia 60. Ndo nini hii? *Mke wa dereva*

Ndo Uingereza hiyo mdogo wangu. Sheria yao ni ya 1979, wazazi wa watoto walioumia ndo walioipigania, ilianza na pauni 10,000 na toka 2007 ni pauni 120,000, kwa mkupuo. Hakuna kati. Ukifika 60 unapata yote, ukipewa 59 unapata barua. Kipimo wamekiazima kwenye majedwali ya wafanyakazi walioumia kazini, na mle kupoteza kiganja kizima ndo 60. Kiganja unakiona, kinahesabika. Dereva anayesahau njia ya kurudi kwake unampimia wapi?

Msikubali barua ya kwanza. Ombeni uamuzi uangaliwe upya, wakikataa nendeni baraza la rufaa, lile liko nje ya ofisi iliyowakataa. Na safari hii msipeleke cheti cha damu tu, pelekeni ripoti ya daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu iliyopima kumbukumbu kwa vipimo, ya mtaalamu wa mikono, na wewe mke andika kurasa mbili za siku moja ya mumeo toka anaamka: nani anamfunga vifungo, nani anamkumbusha jiko. Mkisoma zile barua za kukataliwa mtaona maisha ya nyumbani hayamo. Kwa wengine mliochomwa 2021 na hamjaomba, kwa mtu mzima muda ni miaka sita, hesabuni wenyewe.

Shangazi nyie wa mbele mnalipwa, sisi huku Mtwara tukipata madhara tunaambiwa tumshukuru Mungu. Huku hamna kitu? *Msomaji wa Mtwara*

Umenichoma kwa haki. Tanzania haina sheria ya kumfidia mtu aliyeumizwa na chanjo bila kutafuta mzembe, ukitaka unaenda mahakama za kawaida kuthibitisha nani kazembea, na unajua gharama yake.

Ila kwa korona kulikua na kitu ambacho wengi hawakuambiwa. 2021 Shirika la Afya Duniani na COVAX, ule mpango wa kugawia nchi chanjo za korona, walianzisha mfuko wa fidia kwa nchi 92 za kipato cha chini na cha kati, na Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote zimo. Unaomba kwenye mtandao, bure, huhitaji loya. Sharti kubwa dozi yako iwe ilipita COVAX na madhara yawe makubwa ya kudumu, homa na mkono kuuma hapana. Zile dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson zilizotua Dar es Salaam Julai 24, 2021, siku nne kabla ya Rais Samia kuchanjwa hadharani, zilipita hukohuko. Ka una mtu wako mwenye tatizo la namna hiyo tafuta ile kadi ya chanjo, aina na namba ya dozi viko pale, na cheti cha daktari, afu mtafute anayejua mtandao waangalie ka bado wanapokea. Hata ka hakuna fidia, taarifa ya madhara ipelekwe TMDA, ile mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kupitia zahanati au mwenyewe. Kisichoandikwa popote hakiwezi kulipwa siku sheria ikija.

Shangazi harakaharaka, binti yangu wa miaka 11 hapa Dallas kachomwa chanjo mbili, dakika kumi tukiwa bado hatujatoka akaanguka puu, jino la mbele likakatika. Nacheka na kulia. Inahesabika? *Mama wa Dallas*

Usicheke, imo kwenye jedwali! Kuzimia ndani ya saa moja baada ya chanjo, toka 2017, kwa chanjo nyingi za sindano, kwaiyo niambie zilikua zipi. Ndo maana wanasema mtoto akae robo saa kabla hajasimama, na naona nyie mlikaa kumi. Kinachobaki ni ile miezi sita: madhara lazima yazidi hapo. Jino lililokatika la ukubwani halioti tena, bas kachukue ripoti ya daktari wa meno na picha yake. Hilo lililokatika ni la utoto au la ukubwa? Niandikie.